Picha Kubwa ya Nyar Sondu

Huku kwetu Kisumu, ukiona sura ya mtu imekuwa kubwa kuliko mlango wa nyumba yake, ujue ni moja kati ya mambo mawili: ama anagombea kiti, ama amekufa. Nasema hivyo kwa sababu ndiyo kazi inayonilisha. Duka letu liko ng'ambo ya barabara ukitoka soko la Kibuye, kati ya muuza magodoro na kinyozi mwenye redio ya kelele, na kwa miaka tisa mimi na Dalmas Owiti tumechapa sura za watu. Za wagombea huja kwa msimu. Za marehemu huja kila wiki, hasa Jumatano na Alhamisi, maana maiti hutolewa mochari Ijumaa na familia hutaka bango la kufunga mbele ya gari na jingine la kutundika nyumbani karibu na jeneza.

Mimi ni Agneta Nakhumicha, mama yake Brandon, mtu wa Bungoma niliyekuja Kisumu kutafuta riziki nikabaki. Kazi yangu ni kompyuta: kupokea picha, kuzisafisha, kuandika majina na tarehe, na kubishana na wateja. Kazi ya Dalmas ni mashine. Ninayotaka kueleza hapa ni habari za Dalmas, ingawa najua tangu sasa kwamba nitajieleza mwenyewe zaidi ya nilivyopenda.

Dalmas ni mzaliwa wa Dunga, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa hapa Kisumu. Alianza kazi ya rangi ufuoni, akiandika majina ya mashua kwa brashi, herufi nyekundu zenye kivuli cheupe, na mpaka leo kuna mashua mbili tatu kuukuu ambazo mkono wake bado unasomeka ubavuni. Baadaye akaandika mabango ya saluni, ya hoteli za samaki, ya makanisa yanayohamahama. Mashine za kuchapa mabango zilipoingia mjini, mafundi wenzake walinuna, mmoja mmoja wakarudi kwenye nyavu. Yeye alikwenda Nairobi miezi mitatu kujifunza, akarudi anaongea na mashine kama mtu anayembembeleza ng'ombe asipige ndoo teke.

Kipaji chake kilikuwa rangi za watu. Wachapaji wengi hapa mjini huweka picha, hubonyeza, basi. Dalmas aliiangalia kwanza. Alisema huyu alikuwa mtu wa jua, huyu alikuwa mweusi wa kung'aa, huyu aliugua mwishoni na hii ni picha ya mwishoni, tumrudishie damu kidogo. Nilimwona akichapa kipande cha shavu tu, kisha akikitoa nje mlangoni kukiangalia juani, mara tano kwa marehemu mmoja ambaye hakuwahi kumjua. Nami nilikasirika, maana wajukuu wa marehemu walikuwa wamesimama hapo wakitazama saa. Lakini bango lilipotoka, waliisahau saa. Bibi mmoja aliwahi kuligusa na kusema, "Sasa huyu ni yeye." Dalmas aliishi kwa maneno kama hayo.

Mashine yetu hutumia rangi nne: nyeusi, manjano, samawati, na ile tunayoiita pinki dukani. Hizo nne zikichanganyika hutoa kila kitu. Wino hupita kwenye kichwa, kidude kidogo kinachokimbia kushoto na kulia juu ya turubai, chenye matundu ambayo jicho haliyaoni. Tundu likiziba, rangi inapungua. Na ikipungua pinki, mtu mweusi anageuka kijani, awe mchungaji au mheshimiwa.

Mama yake Dalmas ni Aoko, lakini Dunga nzima humwita Nyar Sondu, yaani binti wa Sondu, kwa kuwa huko ndiko alikotoka kuolewa. Aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni miaka arobaini na kwa omena hizo akamlea Dalmas na dada zake. Sasa amepita sabini. Ana presha ya macho, ugonjwa usiouma wala usiobisha hodi. Alipofikishwa kwa daktari, jicho la kulia lilikuwa limeshakwenda. La kushoto lilibaki na tundu katikati. Aliniambia ni kama kuchungulia kupitia mdomo wa chupa ya soda. Daktari alisema matone yatachelewesha tu.

Mwaka jana mwezi wa nane alikuja dukani na Benta, mke wa Dalmas, wakitoka Kibuye kununua kitambaa. Ukutani palikuwa na bango la mzee wa Dunga, jirani yao, likikauka. Nyar Sondu alilisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa, akawa analipitia pole pole, jicho, mdomo, kola.

"Huyu si ni Owino wa mashua?"

"Ndiye, Mama," nikamjibu.

"Angalia vile amekuwa mkubwa. Hata mimi naona meno yake." Akamgeukia mwanawe. Wakiwa wawili huongea Kijaluo, lakini siku hiyo alisema Kiswahili, nadhani ili mimi niwe shahidi. "Dalmas, mimi pia nitoe mkubwa namna hii. Ile picha ya gauni ya pinki. Nataka kujiona kabla hii macho haijafunga duka."

Picha hiyo naijua. Ilipigwa na mpiga picha wa ufuoni zamani hizo. Nyar Sondu amesimama mbele ya omena zilizoanikwa, mkono kiunoni, amevaa gauni la pinki iliyokolea ambalo kitambaa chake alikichagua mwenyewe, naye anacheka kitu ambacho hakuna anayekikumbuka. Ukubwa wake ni kama kiganja. Kwa jicho lake lile, ilikuwa karatasi yenye vumbi tu.

Dalmas alicheka. "Mama Brandon, sikia huyu. Anataka nimtundike kwa ukuta kama marehemu."

Wateja wawili waliokuwepo wakacheka pia, na mimi nikacheka. Mama hakucheka.

"Kwani lazima nife ndiyo nikuwe mkubwa?" akauliza.

Ukweli ni kwamba Dalmas aliogopa. Ni mtu wa kanisa, na ukimuuliza atakwambia hana imani na mambo ya mikosi. Lakini kumtundika mzazi aliye hai, sura mita mbili, katika nyumba ya Dunga ambako kila mpita njia huchungulia? Wangesema anamchimbia mama yake kaburi. Akasema subiri Krismasi, binti zako wote, Mama, watakuwepo. Nami nikamuunga mkono kwa mdomo wangu huu, nikisema, "Krismasi itapendeza, Mama." Krismasi ikaja na ikaenda. Akasema Pasaka. Kila mwezi ule mdomo wa chupa ulizidi kuwa mwembamba, na sote tulijua, na tuliendelea kuchapa wafu wa watu wengine.

Mwezi wa nne kaka yake Nyar Sondu alifariki huko kwao. Bango lake tulilichapa sisi. Ijumaa familia yote ikaenda Sondu kuzika, Dalmas akiwemo, na yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe. Kabla ya ibada, mama aliomba apelekwe mbele ya bango. Akalipitia kama alivyompitia Owino, jicho moja, kisha la pili, kisha tai. Halafu akasema kwa sauti, mbele ya waombolezaji, "Mmemfanya mkubwa sasa, na hawezi kujiona. Mimi bado naweza."

Dalmas anasema hakusikia neno la mahubiri. Alipiga magoti kando ya kiti cha mama yake akamwambia, "Jumatatu, Mama. Jumatatu nachapa." Na alikuwa amekusudia.

Sasa nirudi kwangu. Ijumaa hiyo hiyo nilikuwa peke yangu dukani nachapa bango la duka la dawa. Saa tisa mchana mawingu yakapanda kutoka ziwani. Mtu asiyekaa Kisumu hawezi kuelewa radi ya hapa. Ikinguruma mara ya kwanza, watu huchomoa friji, huchomoa televisheni, wengine huchomoa hata chaja isiyo na simu. Radi iliwahi kutuunguzia mashine ya kwanza, ikabaki chuma. Kwa hiyo ngurumo ilipopasuka juu ya paa na taa zikapepesa, sikufikiri mara mbili. Niliruka nikachomoa plagi ukutani, kazi ikiwa katikati.

Kichwa cha mashine kikabaki pale kilipokuwa, juu ya turubai, wazi. Kikipumzika inapaswa kirudi kando kwenye kifuniko chake chenye sponji, kinachokifunika kisikauke. Dalmas aliniambia hayo mara mia. "Mama Brandon, ukichomoa kwa sababu ya radi, ni sawa. Lakini radi ikipita, rudisha stima mara moja kichwa kiende nyumbani. Wino ukikaa wazi unakauka kama uji kwa kijiko." Nilingoja mvua ipungue. Haikupungua. Saa kumi na moja nikafunga duka, nikasema nitapita kesho asubuhi. Jumamosi tulikuwa na mkutano wa akina mama na mimi ndiye mwenyekiti. Jumapili ilikuwa kanisa, kisha kufua.

Jumatatu niliwahi kabla ya Dalmas. Nilichomeka plagi, na kile kichwa kikaamka kikakimbia kwenye kifuniko chake kwa sauti yake ya kila siku. Nilikata lile bango la dawa lililoishia nusu, nikalikunja, nikalitupa nje. Dalmas alipoingia, akiwa na picha ya mama yake ndani ya bahasha mpya, aliikuta mashine imetulia vizuri kabisa.

Kabla ya kazi huchapa jaribio, vijistari vidogo vya kila rangi, ili aone tundu lipi limeziba. Nyeusi ilikuwa na mapengo machache. Manjano na samawati zilikuwa nzima. Pinki ilitoka kama kichana cha mtoto kilichobaki na meno manne.

Aliiangalia ile karatasi kwa muda. "Ijumaa ulizima vizuri?"

"Nilizima vizuri."

"Kichwa kilikuwa kwa kifuniko?"

"Sasa kitakuwa wapi tena, Dalmas? Nimeanza kazi jana?"

Nilimjibu kwa ukali. Mtu anayesema kweli hana haja ya ukali, lakini Dalmas aliniamini, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko kama angenishuku.

Akaamuru mashine ijisafishe, mara moja, mara mbili, mara tatu. Nyeusi ikarudi. Pinki ikabaki vile vile. Akasema atajaribu tu, pengine rangi itafunguka kazi ikiendelea. Nyar Sondu akaanza kutoka, kitambaa cha kichwa kwanza, kisha paji la uso, kisha macho, mita moja na nusu upana na mbili urefu. Kila mstari ulikuwa safi. Kile kicheko kilikuwa pale pale, na mkono kiunoni. Lakini uso ulikuwa wa kijani na gauni lilikuwa la rangi ya majivu yenye ubuluu, kama kitu kilichofuliwa na jeans.

Simu ikalia. Alikuwa Benta. Dalmas aliiweka kwa sauti kubwa kwa kuwa mikono yake ilikuwa na wino.

"Mama anauliza kama ametoka."

"Ametoka vibaya. Rangi inasumbua."

Tukamsikia mama nyuma yake. "Mwambie alete tu vile iko."

"Mama, siwezi kukuletea ukiwa kijani. Watu wataniuliza nimekupatia ugonjwa gani."

Mama alicheka kule, naye akacheka huku, na simu ikakatika. Kisha akalikunja lile turubai, uso ndani. Kesho yake likawa kifuniko cha mashine cha kuzuia vumbi. Turubai ni turubai, kwetu hatutupi.

Nilimshauri aende kuchapisha kwa jirani. Kuna duka jingine mtaa wa pili. Akaniangalia kama nimemtukana. "Ile mashine yao inatoa watu wote rangi ya chai. Mama yangu nimchape kwa mtu?" Ningeweza kusisitiza. Badala yake nilinyamaza, maana kadiri majivuno yake yalivyoichelewesha picha ndivyo kosa langu lilivyozidi kuonekana dogo.

Hivyo ndivyo wiki ile ilivyokwenda. Kichwa kilichokauka hutibiwa kwa kulowekwa, na hilo Dalmas analijua kuliko mtu yeyote hapa mjini. Lakini yeye aliamini hakikukauka, kwa sababu mimi nilimwambia kilikuwa kimefunikwa. Kwa hiyo akatafuta ugonjwa mahali usipokuwepo. Jumanne aliagiza kutoka Nairobi dampa mpya, kichujio kidogo cha plastiki ambacho wino hupita kabla ya kufika kichwani. Ilipokuja Alhamisi akaifunga, na hali ikawa ile ile. Ijumaa akashika bomba la sindano, akavuta wino kwenye mirija yote akitafuta hewa. Hakukuwa na hewa. Jumamosi akaulaumu wino wenyewe, akamwaga chupa karibu nzima ya pinki, akaweka nyingine. Kila jioni alinawa mikono kwa dawa ya kusafishia mpaka ngozi ikamchubuka. Kazi zote zenye sura za watu tulizikataa wiki hiyo.

Jumatano katikati ya hayo, mama alikuja mwenyewe. Benta alimleta kwa tuktuk, akasema Mama amekataa kukaa nyumbani, anataka kumjulia mgonjwa hali. Dalmas alikuwa ameifunua mashine, na lile turubai la kijani alikuwa amelikunja mara nne akaliweka juu ya benchi. Nyar Sondu akakaa juu yake. Hakuna aliyefikiri. Alikaa hapo asubuhi nzima, fimbo kati ya magoti, na jicho lake la kushoto bado lilikuwa linaona. Najua lilikuwa linaona kwa sababu alinielekeza uso wake, akautafuta uso wangu mpaka akaupata ndani ya ule mdomo wa chupa, akasema, "Agneta, umesuka. Nywele imekutoa vizuri."

"Asante, Mama."

"Na hii mashine, mgonjwa anaumwa wapi?"

"Kichwa, Mama," Dalmas akasema kutoka chini ya mashine.

"Kichwa changu kikiuma mimi nalala na kitambaa ya maji."

Dalmas akacheka. Mimi sikuweza kucheka. Mwanamke asiyejua kusoma alikuwa ametaja dawa yenyewe, na mimi peke yangu pale ndani nilijua kwamba amesema sawa. Nilijiambia nitamweleza Dalmas akishaondoka mama. Alipoondoka nilijiambia kesho. Sikutaka aone kwamba wiki nzima yake ya jasho ilikuwa kosa langu. Ndiyo sababu yenyewe, sina nyingine nzuri zaidi.

Jumapili alfajiri Nyar Sondu aliamka na maumivu makali, jicho jekundu, anatapika. Dalmas akamkimbiza hospitali. Daktari akasema presha ya jicho imepanda vibaya sana; wakiishusha huenda nuru ikarudi kidogo, huenda isirudi. Wakampa dawa na kumruhusu arudi nyumbani jioni ile.

Jumatatu Dalmas alikuja kazini macho yamemvimba kuliko ya mama yake. Nilimwambia akapumzike. Akasema, "Nimejaribu kila kitu cha maana. Wacha nijaribu kile hakiwezekani." Alikata kitambaa laini, akakilowesha dawa ya kusafishia, akakitandika chini ya kichwa, akakiacha kichwa kimelala hapo kutoka saa sita mchana hadi asubuhi ya kesho yake.

Jumanne akachapa jaribio. Pinki ilitoka yote, mstari kwa mstari, bila pengo hata moja. Aliishika ile karatasi kwa mikono miwili akakaa kwenye benchi. Kisha akamchapa mama yake. Sijawahi kuona kazi kama ile, na sisemi kwa sababu ya huruma. Uso ulikuwa wa mwanamke aliyesimama juani tangu asubuhi, mashavu yana joto, na gauni lilikuwa la pinki ambayo ukiingia dukani ungeiona kabla ya kumwona mtu yeyote.

Aliniomba twende wote Dunga. Nadhani hakutaka kuwa peke yake.

Tukalitundika sebuleni, ukuta mzima, Benta akishika ncha moja. Dalmas akafungua mlango na dirisha ili mwanga uwe mwingi. Mama alikuwa kwenye kiti chake katikati ya chumba. "Tayari, Mama," Dalmas akasema. "Angalia."

Nyar Sondu akainua uso, akatabasamu, akaangalia dirishani.

Picha ilikuwa nyuma yake. Alikuwa ameufuata mwanga wa dirisha, au joto lake tu, sijui. Tulisimama hapo watatu na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumgeuza. Kisha Dalmas akamshika mabega akamgeuza, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Nipeleke karibu," akasema.

Akampeleka. Mama akanyosha mkono akaupitisha juu ya turubai, huku na huku.

"Uso uko wapi?"

Dalmas akauchukua mkono wake akauweka kwenye shavu.

"Na gauni?"

Akaushusha.

"Ni laini hivyo hivyo tu," mama akasema.

"Ndiyo, Mama. Yote ni laini."

"Ni pinki?"

"Pinki kabisa."

"Basi ni vizuri, nyathina." Nyathina ni kusema mwanangu. Akaupapasa mkono wa Dalmas kama anayembembeleza mtoto, wakati yeye ndiye aliyepoteza.

Hapo ndipo mlangoni pakasikika mtu. Alikuwa jirani mmoja, Mama Valarie, aliyekuwa akipita na karai lake la samaki. Alichungulia, akaona ile sura kubwa ukutani, karai likaanguka, akaweka mikono kichwani akaanza kulia kilio chenyewe cha msiba.

"Niko hapa," Nyar Sondu akamwambia kutoka gizani kwake. "Bado sijaenda. Okota samaki yako."

Mama Valarie akanyamaza, akaona haya, kisha wakaanza kucheka wote wawili, na Benta naye. Hilo ndilo jambo ambalo Dalmas aliliogopa tangu mwezi wa nane. Lilichukua dakika moja, na likaisha kwa kicheko. Nilimwangalia Dalmas. Alikuwa ameegemea ukuta kando ya ile picha, na yeye peke yake hakucheka.

Nuru haikurudi. Daktari alithibitisha siku kumi baadaye. Kabla ya hapo, asubuhi iliyofuata ile safari ya Dunga, nilimwambia. Nilifika mapema, nikamngoja aweke mfuko wake chini, nikasema yote bila kupumua: radi, plagi, mkutano wa akina mama, lile bango la dawa nililolitupa. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa hata kwa Kijaluo.

Akavuta benchi akakaa.

"Kichwa kilibaki wapi?" akauliza.

"Katikati. Juu ya turubai."

"Wazi?"

"Wazi."

Akaitikia kwa kichwa pole pole, kama fundi anayeelezwa gari lilianza kunguruma lini. "Ningeloweka Jumatatu ile mchana," akasema. "Jumanne asubuhi kingefunguka." Akahesabu kwa kidole gumba juu ya vidole vingine, kisha kidole kikasimama. "Jumatano alikuwa amekaa hapa."

Aliangalia mahali alipokaa mama yake. Nilimwambia pole, na neno lenyewe lilitoka dogo sana. Mpaka leo hajawahi kulirudia jambo hilo, na tunaendelea kufanya kazi pamoja.

Aliinuka akaifunua mashine, akalikunja lile turubai, uso wa kijani ukiwa ndani, akaliweka kwenye benchi. Akachapa jaribio, akalipeleka mlangoni kulitazama juani. Aliporudi aliniuliza jina la marehemu wa siku hiyo linaandikwaje, nami nikamtajia herufi moja moja.